Kamera za gari: nilichojifunza nikizifunga kwenye Canter, Hiace na Noah

Ajali ikitokea Dar es Salaam, mashahidi wanaosema kwa sauti kubwa zaidi huwa ni wale waliofika baada ya kishindo. Si kwamba wote ni waongo. Wamesikia breki, wamegeuka, wameona gari kubwa limesimama na kijana kalala chini kando ya pikipiki yake, na akili zao zimeshajaza yaliyobaki. Mimi nasimamia magari ya kampuni ndogo inayouza vifaa vya ujenzi: Canter za kubebea mzigo, Hiace ya mafundi, na Noah ya bosi ambayo muda mwingi inazunguka na nyaraka. Matairi ni yangu, bima ni yangu, madereva ni wangu, na kwa miaka ya karibuni zimeongezeka kamera za kioo cha mbele. Watu huniuliza wanunue ipi. Nami huwauliza kwanza gari lao linapita wapi na saa ngapi, swali ambalo wengi hawalipendi kwa sababu walitaka jina na bei tu.

Majina nitayataja mwishoni, lakini tuanze na Noah.

Noah ilikuja kwangu ikiwa na kamera tayari, zawadi ya ndugu wa bosi aliyetoka safari. Boksi lake liliandikwa 4K kwa herufi za dhahabu, pembe ya kuona nyuzi 170, na ilikuwa na kioo kidogo chenye picha inayong'aa. Mchana ilipendeza kweli. Usiku mmoja kwenye barabara ya Mandela, gari dogo likajipenyeza kutoka kushoto, likang'oa kioo cha pembeni, likakwangua mlango na kwenda zake. Dereva hakuumia, kosa halikuwa lake, na video ipo. Kesho yake tukaifungua ofisini kwenye kompyuta, watu wanne tumeinama. Gari linaonekana vizuri, jeupe, kama nusu ya magari ya mji huu. Pale kwenye namba pana kipande kinachowaka kama taa, basi. Hata kujua kama kibao kilikuwa cha njano au cheupe, yaani gari binafsi au la biashara, ilikuwa ni kubahatisha.

Nilikaa na video ile siku kadhaa kwa sababu ilinikera. Kumbe sababu zilikuwa tatu, na mbili kati yake ungeweza kuzihisi kwenye boksi, kwa anayejua kusoma boksi. Kwanza, kibao cha namba kimetengenezwa kurudisha mwanga. Taa zako zikikipiga usiku, kinamrudishia kamera mwanga mwingi kuliko kitu kingine chochote kilicho mbele yako, na kamera dhaifu, ambayo tayari imeongeza mwanga ili ione giza, inakiunguza kibao chote kikawa cheupe. Pili, nyuzi 170. Watu hudhani pembe pana ni sifa, lakini idadi ya nukta za picha ni ile ile. Ukiitandaza kwenye upana mkubwa zaidi, kila kitu kinakuwa kidogo, na namba ya gari lililo mita kumi mbele inabaki ukubwa wa punje. Tatu, ile 4K haikuwa 4K. Kamera nyingi za bei ya chini zina senso (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) ya nukta milioni 2 tu, ambayo ni 1080 ya kawaida, yaani nukta 1080 toka juu hadi chini ya picha, halafu programu inaitanua picha hadi ifikie idadi ya 4K. Faili linakuwa kubwa, picha inabaki ile ile.

Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye maelezo ya kamera ni jina la senso. Muuzaji akikuambia "ni 4K original bosi wangu" lakini hakuna mahali palipoandikwa senso gani, mshukuru na endelea na safari. Kamera zenye kitu cha kujivunia hukitaja. Sony wana kundi la senso wanaloliita STARVIS, na toleo lake la pili, STARVIS 2, ndilo lililonipa namba za usiku kwa mara ya kwanza: IMX675 kwa picha za 1440, IMX678 kwa 4K ya kweli. Na usidharau 1440. Senso ya 4K ya kizazi cha zamani, yenye nukta ndogo ndogo zilizobanana, usiku inaweza kushindwa na 1440 ya kizazi kipya, maana nukta ndogo hukusanya mwanga kidogo. Pembe ninayoipenda ni nyuzi 140 hivi.

Jaribio langu la dukani ni rahisi na wauzaji wa Kariakoo sasa wameshanizoea. Nakwenda jioni, giza linapoanza kuingia. Kamera nyingi za gari zinatumia umeme wa volti 5, ule ule wa simu, kwa hiyo nabeba pawabenki na kadi yangu. Naomba kamera iwashwe, natoka nayo mlangoni, naielekeza kwenye magari yanayopita yakiwa yamewasha taa, dakika mbili tatu. Halafu natoa kadi na kuiangalia kwenye laptop, kamwe si kwenye kile kioo kidogo cha kamera, maana kwenye kioo cha inchi mbili kila picha ni nzuri. Nasimamisha video, nasoma namba. Ikisomeka kwenye gari linalotembea, tunaanza kuongea bei. Wapo wanaokataa, na siwalaumu, duka ni lao. Nao wasinilaumu nikivuka barabara.

Nimesema swali ni gari linapita wapi, na Canter ndiyo iliyonifundisha hilo, kwa sababu kamera iliyoifaa Noah isingeifaa yenyewe.

Canter zetu zinatoka Tabata asubuhi na kwenda Kibaha, Mlandizi, Chalinze, mara nyingine Morogoro. Kabla ya kufika kwenye suala la picha, kuna umeme. Canter nyingi za Japani ni volti 24, betri mbili zimeunganishwa. Chaja ya gari dogo iliyotengenezwa kwa volti 12 peke yake ukiichomeka pale inakufa, na ikiwa na roho mbaya inakufa na kamera. Kwenye chaja au kwenye waya wa kuunganisha lazima paandikwe 12 hadi 24. Ni maandishi madogo sana na sijawahi kuona muuzaji anayeyasoma bila kuombwa.

Halafu kuna mtikisiko. Kamera hizi zina kitambuzi cha mshtuko: gari likigongwa, faili la dakika ile linafungwa ili lisifutwe kadi ikijaa. Sasa fikiria Canter tupu, chemchemi zake ngumu, ikirudi kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo. Kwa kamera ile, kila shimo ni ajali. Ndani ya juma moja kadi ilijaa mafaili ya "ajali" zisizokuwapo, na kamera ikaanza kulia kuomba nafasi. Dawa yake ni kwenda kwenye mpangilio na kushusha unyeti wa kitambuzi hadi chini kabisa. Kwenye lori mimi huacha chini siku zote na kuwafundisha madereva kubonyeza kitufe cha kufunga faili kwa mkono. Kwa hiyo nikichagua kamera ya Canter naangalia kitufe hicho: kiwe kikubwa, dereva akifikie bila kukitafuta. Kamera inayotaka uingie kwenye menyu ngazi tatu ili ufunge faili inafaa gari la mtu asiyegongwa.

Siku ilipofanya kazi yake, dereva aliyekuwa kwenye usukani ni mzee ambaye ameendesha malori tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Ilikuwa magharibi, wanarudi kutoka Mlandizi, utingo pembeni. Simu ikalia, hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Bosi, wamejaa."

"Uko ndani ya gari, mzee wangu?"

"Niko ndani. Kijana yuko ndani. Milango nimefunga."

"Bodaboda?"

"Bodaboda. Yuko hai, anaongea. Wenzake wanasema nilikuwa mbio."

Nilimwambia mambo mawili tu: usibishane na mtu, na bonyeza kitufe. Cha pili alikuwa ameshakifanya. Nilipofika, trafiki walikuwa wameshafika, kijana wa bodaboda alikuwa ameshapelekwa hospitali na mguu uliovunjika, na mzunguko wa pikipiki ulikuwa bado mkubwa. Afande akapima, akachora mchoro wake, akasikiliza. Kila aliyeongea alisema Canter ilihama upande. Ndipo mzee akasema kwa unyenyekevu, afande, kuna kamera humu. Tukaifungua kwenye simu yangu, hapo hapo kando ya barabara. Pikipiki inaonekana ikichomoka katikati ya malori mawili yaliyoegeshwa kushoto, haina taa, inaingia barabarani na kugonga kona ya kushoto ya Canter. Canter haikuhama. Kasi chini ya picha inasoma 46.

Naomba utazame hapa ni nini hasa kilichotusaidia. Namba haikuhitajika, pikipiki ilikuwa imelala pale pale. Kilichohitajika ni ukingo wa kushoto wa picha, upana wa kutosha kuonyesha pengo kati ya malori yale. Kilichohitajika ni kasi. Na kilichohitajika kuliko vyote ni video kufika kwenye simu pale barabarani, bila laptop na bila kifurushi. Kamera yenye Wi-Fi yake inaunganika na simu moja kwa moja, haiulizi bando. Ila faili la dakika tano kwenye Wi-Fi ya kizamani ya gigahezi 2.4 ni la kusubiri huku watu wanazidi kusogea. Ndiyo maana kamera zangu zote zimewekwa zikate video kila dakika moja, na nikipata yenye Wi-Fi ya gigahezi 5 naongeza hela kidogo kwa moyo mweupe.

Video ile haikuurudisha mguu wa yule kijana. Tulikwenda kumwona, na ana haki ya kuniangalia alivyoniangalia. Lakini mzee alilala kwake usiku ule.

Ile 46 iliyotuokoa ilizua kesi ofisini. Madereva waliiona, wakafanya hesabu yao. Kwa nini kamera iandike kasi? Siku nikiwa kwenye 64 sehemu ya hamsini, si itanifunga mimi? Ni swali la haki. Barabara ya Morogoro ina vijiji vingi vyenye kibao cha 50, na anayekwenda zaidi anapigwa tochi na kulipa faini; lori linalozidi tani 3.5 ukomo wake ni 80 hata pale ambapo kibao kimeisha. Kamera yenye GPS inaandika yote hayo, pamoja na mahali na saa. Unaweza kuizima alama ya kasi kwenye picha. Unaweza pia kununua kamera isiyo na GPS, zipo na ni rahisi zaidi, na kwa mtu mwenye gari moja analoliendesha mwenyewe huo ni uamuzi wake na dhamiri yake. Mimi niliiacha. Kwenye mgogoro, video isiyo na kasi inamwacha kila mtu akadirie, na watu wakikadiria kasi ya lori hukadiria juu. Zaidi ya hapo, GPS inairekebisha saa ya kamera. Hili la saa watu hulipuuza. Kamera nyingi zinatoka kiwandani China zikiwa na saa za kule, na zisizo na GPS zikikaa bila umeme muda mrefu baadhi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Siku ya siku unapeleka video ya ajali ya Jumanne iliyoandikwa Januari mosi. Weka GMT+3, na uikague kila mwezi.

Mjini kuna kisa kingine kinachodai upana, nacho ni cha kwetu kabisa. Taa ni nyekundu, lakini trafiki amesimama pembeni anakuita kwa mkono upite. Unatii, unapita, mtu anakuvaa. Kamera nyembamba itaonyesha kitu kimoja tu, kwamba ulipita taa nyekundu. Lazima picha imchukue na yule afande aliye kwenye kona. Kwa hiyo mimi sishuki chini ya nyuzi 130, na sipandi hadi 170, na mtu akiniambia ana kamera inayoona kila kitu namuuliza inasoma nini.

Sauti tulikubaliana vingine. Maikrofoni nimezizima kwenye magari yote. Hiace inabeba mafundi sita wanaoongea mambo yao njia nzima, na sikuona sababu ya kampuni kuhifadhi mazungumzo ya watu kuhusu wake zao na madeni yao. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya mwaka 2019. Anayebeba abiria kwa malipo na kufunga kamera inayotazama ndani aisome kabla ya kufunga, na abandike kibao kinachowaambia abiria wanarekodiwa. Kwetu hakuna kamera ya ndani. Kulikuwa na pendekezo. Mzee yule wa Canter aliuliza kwenye kikao, kwa upole tu, kama na ofisini kwangu itafungwa moja. Pendekezo likafa.

Sasa joto, ambalo nadhani ndilo linaloua kamera nyingi za pwani kuliko ajali. Gari lililoegeshwa juani Dar, Tanga au Mombasa, dashibodi na kioo hupita nyuzi 60 kwa urahisi. Kamera nyingi zina betri ndogo ya lithiamu ndani, na betri hizo hazikutengenezwa kuchajiwa kwenye joto la namna hiyo. Zinavimba. Nimetoa kamera ambayo mgongo wake ulikuwa umefunguka wenyewe, kioo kimebinuka, betri imejaa kama andazi. Unachotakiwa kutafuta ni kamera yenye kapasita badala ya betri. Kapasita inahifadhi umeme kidogo tu, wa kutosha kumalizia kuandika faili la mwisho gari likizimwa, haina kazi nyingine, lakini inavumilia jua. Kipimo cha haraka: kamera inayojisifu kwamba inaweza kuendelea kurekodi nusu saa bila waya ina betri. Weka chini.

Kwa sababu hiyo hiyo achana na kile kikombe cha mpira cha kunyonya kioo. Mchana kinalainika, kamera inadondoka, na dereva anainama kuiokota akiwa kwenye mwendo. Ya gundi ndiyo ikae, nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia, ndani ya eneo ambalo waipa zinafuta. Safisha kioo kwa spiriti, kiache kikauke. Utagundua kwamba mahali pazuri kabisa pameshachukuliwa na stika, maana kuna gari lina stika za Nenda kwa Usalama za miaka mitano, zimepangana kama vyeti. Toa za zamani. Na vile vitambaa vya manyoya meupe ambavyo madereva wanavipenda juu ya dashibodi, uzuri wake naukubali, lakini juani vinajirudisha kwenye kioo na video yote inakuwa ya manyoya. Kuna kichujio cha kupunguza mng'ao kinachovishwa kwenye lensi, kinasaidia mchana na kinakula mwanga usiku. Kitambaa cheusi ni bei rahisi zaidi. Mazungumzo ya kuondoa manyoya yalikuwa magumu kuliko ya kasi.

Kadi. Hapa ndipo watu wenye kamera ya laki tatu wanaweka kadi ya elfu kumi. Fanya hesabu: kamera ya 1440 inayoandika megabiti 25 kwa sekunde inakula takriban GB 11 kwa saa. Kadi ya GB 64 inajaa kabla ya saa sita za kurekodi kuisha, kisha kamera inaanza kufuta ya zamani na kuandika juu yake. Canter ikitoka Tabata alfajiri na kurudi usiku, ya asubuhi haipo tena. GB 128 inakupa siku nzima ya kazi, na ukiwa na kamera mbili, mbele na nyuma, gawa kwa mbili. Kadi ya kawaida haikutengenezwa kuandikwa namna hiyo kila siku. Inachoka kimya kimya, kamera inaonyesha taa ya kurekodi na ndani hakuna kitu. Zipo kadi zilizotengenezwa kwa kazi hii, zimeandikwa Endurance, SanDisk na Samsung wote wanazo. Shida ni kwamba na za bandia zimeandikwa hivyo hivyo. Kadi ya bandia hudanganya ukubwa wake: inasema 256, ndani ina 32, na ikijaa inaendelea kujifanya inaandika. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux, zinazoijaza kadi yote kisha kuisoma tena. Inachukua saa kadhaa. Kadi yoyote inayoingia kwenye gari letu inapita hapo kwanza, na zimo zilizofeli zikiwa na boksi zuri kuliko zilizofaulu.

Kurekodi gari likiwa limeegeshwa ni jambo watu wengi wanalitaka na wachache wanalihitaji. Gari linalala ndani ya geti lenye mlinzi. Kamera iangalie nini? Noah nimeifungia kwa sababu bosi huiacha kwenye maegesho ya watu. Inahitaji waya maalumu unaoingia kwenye boksi la fyuzi, na fundi umeme wa magari anayejua tofauti ya fyuzi inayowaka muda wote na ile inayowaka ufunguo ukigeuzwa. Muhimu ni kikomo cha volti: betri ikishuka hadi kiwango ulichopanga, waya unaizima kamera ili gari liweze kuwaka. Nyingi zinakuja zimewekwa chini sana. Betri ya asidi ikisoma 12.0 imebakiwa na chaji kidogo sana, na magari madogo ya betri ndogo kama NS40 hayana cha kupoteza. Mimi naweka 12.4, au 12.2 kwa betri mpya. Mwambie fundi pia waya upite nyuma ya mfuko wa hewa kwenye nguzo ya kioo, usikatize mbele yake, maana mfuko ukifumuka waya na kamera vinakuja usoni. Na redio ikianza kukoroma baada ya kufunga, kosa ni la chaja ya bei chee, kamera haihusiki.

Baada ya tukio, msikate video, msiipunguze, msiweke muziki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani hapa Tanzania, lakini inauliza ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na kama umebaki mzima. Utaratibu wetu: kadi inatolewa, inawekwa kwenye bahasha na tarehe, inaingia kadi nyingine. Nakala inakwenda kwenye kompyuta. Ikibidi kutumwa kwa WhatsApp inatumwa kama faili la waraka, maana ukiituma kama video ya kawaida inabanwa na ile namba uliyoilipia inayeyuka tena. Na haiendi kwenye magrupu. Dereva wa Hiace alitaka kuirusha ya daladala iliyomkwangua, kwa hasira tu. Nilimwelewa, nikamkatalia.

Basi majina. Kwa gari dogo la mjini nimeridhika na Viofo A119 Mini 2, ina senso ile ya IMX675, kapasita, na haina kamera ya nyuma wala madoido. Kamera za 70mai ndizo rahisi kupatikana madukani, zipo nzuri, ila chunguza kila modeli kama ina betri au kapasita. Kamera zenye laini ya simu, zinazokuonyesha gari lilipo sasa hivi, zina maana kwa mwenye malori ishirini na bajeti ya bando. Kwangu hazijawahi kulipa.

Kamera ya nyuma ninamwambia mtu anunue kama gari lake lina kioo cha nyuma kinachoona nje. Noah na Hiace zinayo. Canter, nyuma ya kabati la dereva ni bodi la mzigo, ungerekodi mbao. Mwezi ujao tunaongeza Canter nyingine, na orodha yake imeshapita: kamera moja ya mbele, 1440, kapasita, GPS, kadi ya 128 iliyopimwa, waya wa volti 24. Bosi aliona bei ni ndogo kuliko aliyotenga akauliza iliyobaki inakwenda wapi. Nimeipeleka kwenye matairi ya nyuma.